Tintwistle ni ya Cheshire au ya Derbyshire? Wilaya mbili zilizofutwa na parishi zake

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Manchester, na mimi na mume wangu tunakusanya habari za ukoo wake. Cheti cha bibi yake kinasema alizaliwa 1908 Tintwistle, wilaya ya usajili ya Ashton-under-Lyne. Kwenye daftari la taifa la 1939, lililoandikisha raia mwanzoni mwa vita, ameandikwa "Tintwistle R.D., Cheshire". Nikifungua ramani ya leo, Tintwistle iko Derbyshire. Babu naye anatoka Bardsley, "Limehurst R.D., Lancashire", na hiyo Limehurst siioni popote. Je, karatasi hizi zimekosewa? Hiyo "Rural District" ilikuwa kitu gani, parishi zake ni zipi, na nitafute wapi?

Jibu: Hakuna karatasi iliyokosewa, dada. Kila moja imeandikwa na ofisi tofauti, na kila ofisi ilikuwa na mipaka yake. Kanisa lilikuwa na mpaka wake, waliosimamia maskini na vizazi walikuwa na wao, halmashauri nayo ikawa na wake, kisha kaunti juu yao. Mipaka hiyo minne ilipishana, na kwa bahati mbaya (au nzuri, kwa anayependa mafumbo) sehemu uliyoitaja ni mojawapo ya zile ambako ilipishana vibaya kuliko kawaida.

Herufi R.D. ni kifupi cha Rural District, yaani wilaya ya vijijini. Msomaji wa Tanzania hatapata shida: anajua Moshi Mjini na Moshi Vijijini, mji na halmashauri yake katikati, na vijiji vinavyouzunguka vikiwa na halmashauri yao. Uingereza ilikuwa na mpango wa namna hiyo kuanzia mwishoni mwa 1894 hadi 31 Machi 1974. Kila kaunti iligawanywa katika manispaa, wilaya za mjini na wilaya za vijijini, na ya vijijini ikagawanywa tena katika parishi. Ila usilichukue neno "vijijini" kama picha ya mandhari. Bardsley ilikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na Waterloo, jirani yake, ni kiungani mwa Ashton. Wilaya ya vijijini ilikuwa yale mabaki baada ya miji kukata vipande vyake, kama vitambaa vinavyobaki sakafuni kwa fundi cherehani, kisha vikashonwa pamoja vikapewa jina. Ukilijua hilo utaacha kutafuta sababu ya kijiografia mahali ambapo haipo.

Tuanze na neno parishi, maana hapo ndipo watafiti wengi hupotea. Kwetu parokia au parishi ni jambo la kanisa tu. Uingereza kuna mbili. Ya kanisa ina padri, kanisa na vitabu vya ubatizo. Ya kiserikali ina kodi na, mara nyingi, baraza. Zilizaliwa pacha: sheria ya maskini ya 1601 iliipa parishi ya kanisa wajibu wa kutoza kodi na kuwalisha maskini wake. Lakini kaskazini mwa nchi parishi zilikuwa kubwa mno. Ile ya Mottram-in-Longdendale, iliyokuwa na Tintwistle ndani yake, ilianzia karibu na Hyde na kupanda hadi nyika za juu za milima ya Pennine, na ilikuwa na vitongoji vinane: Godley, Hattersley, Hollingworth, Matley, Mottram, Newton, Stayley na Tintwistle. Kwa hiyo sheria ya 1662 ikaruhusu vitongoji vya kaunti za kaskazini vitoze kodi ya maskini kila kimoja peke yake. Baada ya miaka mia mbili ya kufanya hivyo, sheria ya 1866 ikakubali hali ilivyo: parishi ni mahali popote panapotozwa, au panapoweza kutozwa, kodi ya maskini ya peke yake. Kwa sentensi hiyo Tintwistle, Hattersley na Matley, ambazo kwa kanisa zilikuwa vitongoji vya Mottram, zikawa parishi kamili kwa serikali.

Upande wa Lancashire hali ilikuwa kinyume. Parishi ya Ashton-under-Lyne haikuvunjika katika vitongoji vyenye kodi zao. Ilibaki moja, ikiwa na sehemu nne za kiutawala: Ashton Town, Audenshaw, Hartshead na Knott Lanes. Bardsley ilikuwa ndani ya Knott Lanes. Ukiona jina Knott Lanes katika karatasi za karne ya 19, jua uko karibu na kwao babu.

Sasa mpaka wa pili. Sheria mpya ya maskini ya 1834 iliziunganisha parishi katika miungano, kila muungano ukiwa na bodi ya walezi wa maskini na nyumba moja ya kazi ambamo fukara aliingizwa apate chakula na malazi kwa masharti makali. Waliounda miungano hawakujali kaunti. Walitazama mji wa soko na umbali ambao watu wangeweza kuufika, wakachora duara. Duara la Ashton lilimeza sehemu ya Lancashire na sehemu ya Cheshire, pamoja na Tintwistle. Nyumba yake ya kazi iliyofunguliwa 1851 ilikuja kugeuka hospitali, na leo hospitali ya Tameside iko papo hapo.

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza tarehe 1 Julai 1837, serikali ilitumia maduara hayohayo. Basi "Ashton-under-Lyne" kwenye cheti cha bibi haina maana kwamba alizaliwa mjini Ashton, wala kwamba Tintwistle ilikuwa Lancashire. Ina maana kwamba msajili wake alikuwa chini ya ofisi ya Ashton, basi. Vivyo hivyo kwa ndoa: faharasa ikisema mtu ameoa "Ashton", huenda alioa Mottram, Dukinfield au kanisa lolote ndani ya duara lile. Mpaka uagize cheti chenyewe usome jina la kanisa, hujui.

Mpaka wa tatu ndio wa R.D. Mwaka 1872 Bunge liliunda wilaya za afya, za kusimamia maji, mifereji ya maji machafu na magonjwa ya kuambukiza. Mjini kazi hiyo ilipewa halmashauri za mji. Kwingine kote ilipewa bodi ya walezi wa maskini, ikisimamia eneo la muungano lililobaki baada ya miji kutolewa. Huko Ashton miji ilikuwa mingi na yenye njaa ya ardhi. Mossley, kwa mfano, iliota mahali ambapo Lancashire, Cheshire na Yorkshire zinakutana, na upande wake wa Cheshire, Micklehurst, ulitoka katika kitongoji kilekile cha Tintwistle. Mabaki yalikuwa vipande tu.

Kisha ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1894. Mabaraza ya kaunti yalikuwa yameanza kazi 1889, na sheria hii mpya ilitaka mambo mawili: kwa kawaida wilaya ya vijijini isivuke mpaka wa kaunti, na parishi isikatwe na mpaka wa wilaya. Matokeo ya takwa la kwanza: mabaki ya muungano wa Ashton yakapasuliwa mawili. Ya Lancashire yakaitwa Limehurst Rural District, na ya Cheshire yakaitwa Tintwistle Rural District. Matokeo ya la pili: parishi ya Ashton, ambayo sehemu yake ilikuwa mjini na sehemu nje, ikakatwakatwa. Zile sehemu za nje zikawa parishi mpya saba ndani ya Limehurst:

Alt, Bardsley, Crossbank, Hartshead, Little Moss, Waterloo na Woodhouses.

Tintwistle R.D. ilikuwa na tatu tu: Hattersley, Matley na Tintwistle yenyewe.

Hapa pana mtego wa kwanza wa kweli kwenu. Parishi ya kiserikali ya Bardsley haikuwapo kabla ya 1894. Ukiitafuta katika sensa ya 1881 au 1891 kwa kuandika parishi "Bardsley" hutapata kitu, au utapata parishi ya kanisa yenye jina hilo, ambayo ni ya zamani zaidi na mpaka wake si uleule. Kwa sensa za kabla ya 1901 tafuta "Ashton-under-Lyne" kisha shuka hadi Knott Lanes. Kwa 1901 na kuendelea, Bardsley yenyewe. Upande wa bibi mambo ni rahisi zaidi, maana Tintwistle iliandikwa Tintwistle muda wote.

Jambo moja ambalo watu husahau: mgawanyo wa 1894 ulitenganisha mifereji, haukutenganisha maskini. Muungano wa Ashton ulibaki mzima. Diwani wa wilaya ya vijijini ndiye aliyekuwa pia mlezi wa maskini kwa ajili ya parishi yake, kwa hiyo mjumbe wa Tintwistle na yule wa Bardsley, waliokuwa katika wilaya mbili na kaunti mbili, walikaa meza moja Ashton kuamua nani apate msaada. Ndiyo maana kumbukumbu za umaskini za familia zote mbili ziko katika vitabu vya muungano mmoja. Hali hiyo ilidumu hadi 1 Aprili 1930, bodi za walezi zilipovunjwa na kazi yao kupewa mabaraza ya kaunti na manispaa kubwa.

Je, parishi ilifanya nini hasa? Kidogo, kwa makusudi. Parishi yenye watu 300 au zaidi ililazimika kuwa na baraza la wajumbe kati ya 5 na 15. Yenye watu pungufu ya hapo ilikuwa na mkutano wa wakazi tu, isipokuwa iombe baraza. Huu ni mtego wa pili: watu hukaa wiki nzima wakitafuta kumbukumbu za baraza ambalo halikuwahi kuwapo. Kabla hujaandika barua kwa ofisi ya nyaraka, tazama idadi ya watu ya parishi yako katika majedwali ya sensa. Ikiwa chini ya 300, uliza "mkutano wa parishi".

Baraza liliweza kutunza njia za miguu, kukodisha mashamba madogo kwa vibarua, kuweka taa za barabarani, kuanzisha maeneo ya makaburi. Fedha zake zilibanwa. Bila idhini ya mkutano wa wakazi halikuruhusiwa kupita peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba. Kwa idhini, mwisho peni 6. Pauni ilikuwa na peni 240, kwa hiyo nyumba iliyothaminiwa pauni 8 haikuweza kutozwa zaidi ya shilingi 2 kwa mwaka kwa ajili ya parishi, au 4 wakazi wakikubali. Ukikuta katika kitabu cha kumbukumbu mjadala mrefu juu ya taa mbili za gesi, usicheke. Hesabu ndiyo hiyo.

Masharti mengine ya 1894 yanaonyesha sheria ililenga nani. Mkutano wa parishi haukuruhusiwa kuanza kabla ya saa 12 jioni, ili mfanyakazi wa kiwandani au shambani aweze kuhudhuria. Baraza halikuruhusiwa kukutana ndani ya kilabu cha pombe ikiwa kulikuwa na chumba kingine kinachofaa kwa gharama ya kadiri. Na wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura wakiwa na sifa, na kuchaguliwa, miaka 24 kabla hawajaruhusiwa kuchagua wabunge. Kwa hiyo msisahau majina ya mabibi mnaposoma orodha za wajumbe.

Kazi nzito ilikuwa ya wilaya: maji, maji machafu, kukagua nyumba mbovu, baadaye kujenga nyumba za kupangisha, na barabara hadi 1930 zilipohamishiwa kaunti. Kwa Tintwistle suala la maji lina kejeli yake. Bonde la Longdendale juu ya kijiji lilijazwa mabwawa makubwa, Woodhead, Torside, Rhodeswood, Valehouse na Bottoms, yaliyojengwa kuanzia 1848 hadi 1877 chini ya mhandisi John Frederic Bateman. Mabwawa yote yalikuwa mali ya Manchester.

Mabwawa hayo, pamoja na njia ya reli iliyopita kwenye handaki la Woodhead lililofunguliwa 1845, yalileta mamia ya vibarua kutoka kila upande. Ndugu wa ukoo anayetokea ghafla bondeni katika sensa ya 1841 au 1851, kisha akatoweka, huenda ni mmoja wao. Wengine hawakutoka: wakati handaki la pili likichimbwa, kipindupindu cha 1849 kiliua wafanyakazi 28. Angalia pia mto. Etherow ndio uliokuwa mpaka kati ya Cheshire na Derbyshire, na reli ilipita upande wa kusini, wa Derbyshire. Majirani wawili waliotenganishwa na daraja moja waliandikishwa kaunti mbili na vitabu viwili. Ukimkosa mtu Tintwistle, vuka mto utazame upande wa Hadfield na Glossop kabla ya kukata tamaa.

Wilaya hizi zilikufaje? Hazikufa siku moja. Baada ya sheria ya 1929 kila kaunti iliagizwa kupitia upya mipaka yake, na amri ya Cheshire ilitekelezwa 1936. Hattersley na Matley zikafutwa na ardhi yake kugawiwa miji jirani. Sehemu kubwa ya Hattersley ilikwenda Hyde, na katika miaka ya 1960 jiji la Manchester lilijenga huko mtaa mkubwa wa nyumba za kuhamishia watu wake. Mwaka huohuo wa 1936 wilaya za mjini za Mottram na Hollingworth ziliunganishwa kuwa Longdendale. Tintwistle ikabaki wilaya yenye parishi moja tu, yaani halmashauri ya wilaya na baraza la parishi wakitazamana juu ya ardhi ileile. Kwa utawala ni upuuzi, lakini ilidumu hivyo miaka 38.

Limehurst ilifutwa 1954, na parishi zake saba zikagawanywa kati ya miji iliyokuwa imezizunguka. Woodhouses ilikwenda Failsworth, Waterloo ilikwenda Ashton, na Bardsley kwa sehemu kubwa ikaingia Oldham, ndiyo maana leo ukiitafuta unaipata Oldham na si Tameside. Hakuna hata moja kati ya saba hizo iliyo na baraza la parishi sasa.

Mwisho ni Sheria ya 1972, iliyoanza kutumika 1 Aprili 1974 na kufuta wilaya zote za vijijini Uingereza. (Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1972 halmashauri za wilaya za kwetu nazo zilikuwa zikifutwa kwa Madaraka Mikoani, zao zilibadilishwa, zetu zilisubiri hadi miaka ya 1980 kurudi.) Ashton, Hyde, Longdendale na miji mingine sita ilikusanywa kuwa Tameside ndani ya Greater Manchester. Tintwistle, ikiwa kijiji na nyika tupu nyuma yake, haikuingizwa humo. Ilikuwa imekatika na Cheshire iliyobaki, maana Tameside ilikaa katikati, kwa hiyo ikapelekwa kwa jirani wa ng'ambo ya mto: wilaya ya High Peak, Derbyshire. Parishi ya Tintwistle haikufutwa. Katika parishi zote kumi za wilaya zako mbili, ni hiyo peke yake ambayo bado ina baraza lake.

Sasa kazi yenyewe. Ningeifuata kwa mpangilio huu.

Anza na faharasa ya vizazi ya ofisi kuu ya usajili. Bibi wa 1908 atakuwa chini ya Ashton, juzuu 8d. Usimtafute katika juzuu 8a, ambayo ni ya Cheshire kwa jumla, kosa ambalo hufanywa na kila anayeamini kwamba mtoto wa Cheshire lazima awe kitabu cha Cheshire. Faharasa imepangwa kwa robo za mwaka, na mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha, kwa hiyo mtoto wa Desemba anaweza kuwa katika robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Faharasa ya zamani haionyeshi jina la ukoo la mama kabla ya robo ya Septemba 1911. Ile mpya ya mtandaoni ya ofisi hiyo inalionyesha tangu 1837, itumie hiyo.

Kisha sensa. Ya 1911 ina faida kubwa: kila mke aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamekufa. Karatasi ya kaya iliandikwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, na kichwa cha parishi na wilaya hakimo humo. Kiko katika vitabu vya muhtasari vya karani. Mtu anayetazama ukurasa mmoja tu husema "haijasema wilaya", kumbe hakufungua ukurasa wa pili. Ya 1921, iliyofunguliwa Januari 2022, inaongeza jina la mwajiri, na kwa familia za viwanda vya pamba hilo peke yake linastahili gharama. Ya 1931 usiitafute: iliungua moto Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ndiyo maana daftari la 29 Septemba 1939 ni muhimu hivyo, nalo limepangwa kwa manispaa na wilaya, ndipo ulipoikuta R.D. Majina ya waliozaliwa chini ya miaka mia iliyopita yamefunikwa, isipokuwa ikijulikana wamefariki.

Kwa ubatizo msifunge macho kwenye kanisa la Anglikana. Tintwistle ilipata kanisa lake, Christ Church, 1837. Kabla ya hapo tazama Mottram. Lakini kijiji hicho kilikuwa na Waindependenti (Waprotestanti waliojitenga na kanisa la Anglikana) tangu karne ya 17, na familia nyingi hazikuwahi kukanyaga kwa padri ila kwa ndoa au mazishi. Vitabu vyao vya kabla ya 1837 viliwasilishwa serikalini na viko Nyaraka za Taifa huko Kew, mfululizo RG 4. Kumbuka pia kwamba Tintwistle kikanisa ni dayosisi ya Chester na Ashton ni ya Manchester. Serikali ilipoihamisha Tintwistle kwenda Derbyshire, kanisa halikuifuata.

Ramani: maktaba ya taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali ya Uingereza. Fungua ya inchi 6 kwa maili, toleo la baada ya 1894, utaona nukta zinazofuata mto na kuta za mawe, na kando yake vifupisho kama "R.D. Bdy" kwa mpaka wa wilaya. Chapisha kipande cha Bardsley na kipande cha Tintwistle, uweke alama nyumba kwa nyumba kutoka kwenye sensa. Kwa tarehe za mipaka, tovuti ya Vision of Britain inaorodhesha kila wilaya na parishi na mwaka ilipoanzishwa na kufutwa.

Karatasi za halmashauri zenyewe kwa kawaida humfuata mrithi. Ingia katika katalogi ya pamoja ya Nyaraka za Taifa, andika "Tintwistle Rural District" na baadaye "Limehurst Rural District", ndani ya alama za nukuu, uone ziko wapi kabla ya kupanda treni. Kwa Tintwistle, ofisi tatu za kuulizwa ni ya Derbyshire iliyoko Matlock, ya Cheshire, na kituo cha nyaraka cha Tameside. Kwa Limehurst, Tameside, Oldham na ofisi ya Lancashire iliyoko Preston. Omba vitabu vya kodi, maana vinataja mpangaji na mwenye nyumba mtaa kwa mtaa, na orodha za wapiga kura kuanzia 1918, zilizopangwa kwa parishi. Orodha hizo zina pengo la 1940 hadi 1944. Usidhani familia ilihama.

Jina lenyewe litakusumbua. Wenyeji hulitamka "Tinsel", na makarani waliosikia bila kuona waliandika walivyosikia. Tafuta kwa alama ya nyota, T*nt*s*l*, na tena kwa Tinsel na Tinsle.

Katika mti wa ukoo andikeni mahali kama palivyokuwa siku ya tukio: "Tintwistle, Cheshire" kwa 1908, "Bardsley, Lancashire" kwa babu, na pembeni muweke "leo Derbyshire" na "leo Oldham". Zimeni ile huduma ya programu inayojaza majina yenyewe. Hiyo ndiyo inayozaa miti mingi yenye mtoto aliyezaliwa "Greater Manchester" mwaka 1911, kaunti ambayo ilikuwa bado miaka 63 ianzishwe.